Gemu ya malori imekataa kufunguka tangu stima ipotee, fundi anasema kadi imeungua. Nimpe pesa?

Swali limetoka kwa mwalimu mmoja wa Nakuru, upande wa Bahati:

"Habari fundi. Nilimnunulia kijana wangu wa kidato cha pili kompyuta ya mezani ya ex-UK, i5 ya kizazi cha nne, RAM 8, Windows 10, na ndani iko na kadi ya grafiki GT 1030. Gemu yake ni Euro Truck Simulator 2, tuliinunua halali kwa Steam, lile duka la gemu la mtandaoni. Wiki iliyopita kulinyesha usiku, stima ikapotea mara mbili, mara ya pili akiwa katikati ya gemu. Tangu hapo akibonyeza Play, Steam inaandika gemu inaendelea, sekunde chache tu, alafu inarudi Play. Hakuna ujumbe wowote. Tulifuta gemu tukaidaunlodi upya, bando likaisha, bado ni vile vile. Fundi wa hapa aliifungua, akasema kadi imeungua na yuko na ingine ya kutuuzia. Nimpe pesa ama?"

Mwalimu, pesa usitoe kwanza.

Kadi ya grafiki ikikufa huwa haijifichi. Unawasha mashine skrini inabaki nyeusi, au inatoa mistari ya rangi rangi, au Windows yenyewe inaganda na wewe unaandika tu maswali ya mtihani, hakuna gemu imefunguliwa. Yako inawaka, inafungua Windows, inafungua Steam, mmedaunlodi gemu nzima bila shida, alafu gemu moja ndio inakataa tena kimya kimya. Nikiwa huku Kisumu siwezi kukuapia kwamba hiyo kadi ni nzima, lakini dalili zako haziendi upande huo, na kuna mahali pa kuangalia kabla hujaingiza mkono mfukoni. Bonyeza alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Device Manager, fungua Display adapters. Ukiona NVIDIA GeForce GT 1030 imekaa hapo bila kialama cha manjano, Windows inaiona kadi na inaongea nayo. Ukiona kialama cha manjano, bonyeza jina mara mbili usome, kama kumeandikwa Code 43 basi kadi au draiva yake (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kadi) kweli iko na shida na fundi wako anaweza kuwa na hoja. Na ukiona Microsoft Basic Display Adapter badala ya jina la kadi, hapo mara nyingi kadi haijaungua, ni draiva tu ambayo haipo, na draiva ni ya bure.

Lakini kitu kimenifanya nikujibu kirefu hivi ni hiyo sentensi yako ya kufuta gemu na kuidaunlodi upya, juu hapo ndio watu wengi sana wanapoteza bando na usiku mzima bure, na hapo hapo ndio umenipa dalili kubwa kuliko zote.

Watu wanadhani ukifuta gemu kila kitu chake kimeenda. Hapana. Steam ikifuta ETS2, yaani Euro Truck Simulator 2, inaondoa ile folda kubwa iliyo ndani ya steamapps, ile yenye magiga. Kuna ingine ndogo iko kwenye Documents, imeandikwa Euro Truck Simulator 2, na hiyo Steam haiigusi kabisa, inaiacha makusudi juu ndani yake kuna mipangilio ya kijana, modi alizoweka (nyongeza za gemu zinazotengenezwa na wachezaji), na rekodi za safari zake. Ukirudisha gemu, inaingia ikiwa mpya kabisa, alafu kitu cha kwanza inafanya ni kwenda Documents kusoma ile mipangilio ya zamani. Kama hiyo mipangilio ndio imeharibika, hata udaunlodi mara kumi itakufa mahali pale pale. Kwa hivyo kama gemu mpya inakufa kama ya zamani, shida haiko ndani ya gemu, iko nje yake, na sasa tumeshapunguza mahali pa kutafuta.

Na kwa nini iharibike? Juu ya stima. Windows inaweka faili kwa mfumo unaoitwa NTFS, na huo mfumo uko na daftari la ndani ambalo linaandika kila badiliko la majina na mahali pa faili kabla halijafanyika, ndio maana stima ikipotea kompyuta bado inawaka kesho yake na mafaili unayaona yote. Lakini daftari hilo halilindi maandishi yaliyo ndani ya faili. Gemu ikiwa inaandika mipangilio yake na stima ikatike hapo katikati, faili inaweza kubaki na jina sahihi na ukubwa sahihi lakini ndani ni sifuri tupu, sawa na kitabu cha darasa chenye jalada na orodha ya sura alafu kurasa zote ni nyeupe. Ukiangalia kwa nje huwezi jua. Gemu nayo ikifika hapo inasoma, haielewi, inajifunga. Wakati mwingine bila hata neno moja.

Sasa fanya hivi, na kijana awe karibu juu ni vizuri ajue. Funga gemu na Steam kabisa. Nenda Documents, shika hiyo folda ya Euro Truck Simulator 2, nakili yote kwenye fleshi kwanza. Hiyo hatua usiiruke, mtoto ako na malori yake na gereji zake humo ndani, na huo ni muda wake mwingi sana, si kitu cha kuchezea. Kama Documents yako inashikwa na OneDrive utaikuta ndani ya OneDrive, usishtuke, ni hiyo hiyo. Ukishanakili, ile ya kwenye Documents usiifute, ibadilishe jina tu, iite kwa mfano Malori Zamani. Alafu fungua Steam, bonyeza Play.

Gemu ikikosa folda yake inatengeneza ingine mpya yenye mipangilio ya kiwandani. Ikifunguka ikaanza kukuuliza mambo ya lugha na profaili, umeshapata jibu, kadi yako haina neno na fundi hana cha kukuuzia. Hapo sasa unarudisha vitu kidogo kidogo kutoka Malori Zamani: kwanza profiles na steam_profiles kama zipo, fungua gemu uone, ikikubali rudisha mod, fungua tena. Ile faili inaitwa config.cfg usiirudishe, hiyo ndio mshukiwa nambari moja, acha gemu ijitengenezee yake mpya, utapanga tu upya ukubwa wa skrini na sauti. Kama uko na hamu ya kujua, ifungue hiyo ya zamani kwa Notepad. Iliyo nzima imejaa mistari mingi inaanza na uset. Iliyokufa utaona weupe mtupu au herufi hazieleweki. Mkitumia Steam Cloud rekodi za safari zinaweza kuwa hata hazikuwa kwenye Documents, ziko upande wa Steam na nakala ya mtandaoni, kwa hivyo hata profiles ikionekana tupu usikate tamaa kabla hujafungua gemu ukiwa na intaneti.

Kuna njia ya mkato pia ya kupima bila kugusa folda: kwa Steam bonyeza jina la gemu kwa kitufe cha kulia, Properties, alafu kwenye kisanduku cha Launch Options andika -safe. Hiyo inaambia gemu ifunguke kwa mipangilio salama. Ikifunguka hivyo na bila hiyo haifunguki, ni mipangilio. Ukimaliza kupima futa hilo neno.

Tuseme umefanya hayo yote na bado inakufa. Hapa ndio nataka mwalimu uache kubahatisha na uanze kusoma, maana ETS2 ni gemu iko na tabia nzuri, inaandika kila inachofanya. Kwa ile folda mpya iliyojitengeneza kwenye Documents kuna faili inaitwa game.log.txt. Kwanza usiifungue, angalia tarehe na saa yake. Hii saa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kama saa ni ya sasa hivi ulipobonyeza Play, gemu ilifunguka, ikaanza kazi, ikafia njiani, na mahali ilifia pameandikwa. Kama hakuna faili kabisa, gemu haikufika hata hatua ya kuandika, Windows yenyewe ndio iliizuia mlangoni. Hizo ni shida mbili tofauti kabisa na dawa zake hazifanani.

Ile ya kwanza: fungua faili, kimbia moja kwa moja mpaka chini. Kila mstari unaanza na muda tangu gemu ianze, sekunde na vipande vya sekunde. Maonyo ya WARNING yapuuze, gemu yenye modi huwa na maonyo mengi na bado inacheza vizuri. Tafuta ERROR karibu na mwisho. Pale juu juu utaona pia gemu imetaja kadi inayotumia, na hapo nataka uangalie vizuri sana, kama imeandika jina la Intel, yaani grafiki iliyo ndani ya prosesa, badala ya NVIDIA basi nakuomba uzunguke nyuma ya kompyuta.

Nyuma kuna mahali pawili pa kuchomeka kebo ya monita. Moja ni ya bodi mama, iko pamoja na matundu ya kibodi na USB. Ingine ni ya kadi, iko chini kidogo kwenye kile kibati chembamba. Fundi akifungua mashine na kuirudisha, ni rahisi sana achomeke kebo ile ya kwanza aliyoona, na hasa kama monita yenu ni ya VGA ya zamani, juu GT 1030 kwa kawaida haina tundu la VGA. Iko na HDMI na DVI ya kidijitali au DisplayPort, kutegemea aliyeitengeneza. Ile adapta ya bei rahisi ya DVI kwenda VGA haisaidii hapo, hiyo DVI haitoi mawimbi ya analogi, unahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye chipu ndani. Kwa hivyo fundi akikosa tundu la VGA kwa kadi anaweza kuchomeka kwa bodi mama, mashine ikawaka kwa grafiki ya Intel, na kwa macho yake kadi "haitoi picha". Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwako. Nasema iangalie, haigharimu kitu.

Na kuna jambo lingine la hizi ex-UK ambalo halitajwi sana na linanisumbua roho nikiona watu wanauziwa vitu. Ndani ya bodi mama kuna betri ndogo ya mviringo, CR2032, ya volti 3, inashikilia saa na mipangilio ya BIOS (programu ndogo ya kuwashia mashine) wakati mashine haina umeme. Hii yako ya kizazi cha nne chipu zake zilitoka 2013, 2014, na mara nyingi betri ni ile ile iliyokuja nayo. Betri ikiisha hutajua kitu mradi ukuta una stima. Siku stima inapotea, saa inarudi miaka ya nyuma na mipangilio ya BIOS inarudi ya kiwandani. Saa ikiwa mbovu, Steam inashindwa kuthibitisha vyeti vya usalama vya mtandao, unaanza kuona inakataa kuingia, na gemu yoyote inayouliza mtandaoni kwanza inagoma. Nayo BIOS ikijirudisha kiwandani inaweza kubadilisha grafiki gani inaanza kwanza, ya bodi au ya kadi. Angalia saa pale kona ya skrini, tarehe na mwaka, uangalie hasa asubuhi baada ya mashine kulala imechomolewa ukutani. Ikiwa inapotea, badilisha betri. Ni kitu kidogo cha bei ya chini, hata watu wa saa pale town wanayo.

Kama logi, yaani ile game.log.txt, inaonyesha imekufa pale inapoita kadi, tuangalie draiva. Usitumie zile programu za kutafuta draiva zenyewe, zinaleta uchafu. Nenda tovuti ya NVIDIA, chagua GT 1030 na Windows 10, chukua inayokuonyesha hapo, juu kadi hii ni ya familia ya Pascal na NVIDIA ilitangaza 2025 kwamba tawi la draiva namba 580 ndio la mwisho kwa familia hiyo upande wa gemu, baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu. Kwa hivyo usihangaike kutafuta namba kubwa kuliko hiyo, haitakubali. Ukiinstoli chagua Custom na uweke alama kwenye Clean installation. Kabla ya hapo fungua Disk Cleanup, uweke alama kwenye DirectX Shader Cache, futa, hayo ni mafaili ya muda ya grafiki na yenyewe yanaweza kuwa yalikatwa na stima katikati ya kuandikwa.

Ile shida ya pili, ya logi kutokuwepo kabisa, inaenda kwa Windows. Andika Event Viewer kwa kisanduku cha kutafuta, fungua Windows Logs, alafu Application, tafuta mstari mwekundu wa saa ile ile uliyobonyeza Play, chanzo chake Application Error, namba 1000. Ukiubonyeza kuna vitu viwili vya kusoma: Faulting module name, na Exception code. Hivyo viwili vinanisaidia kuliko ukurasa mzima wa maelezo. Moduli ikianza na nvwgf2um, ni draiva ya NVIDIA. Ikianza na igd, ni ya Intel, na turudi kuangalia ile kebo. Ikiwa ni msvcp140 au vcruntime140 ni zile faili za Visual C++ za Microsoft zimeharibika, unapakua Visual C++ Redistributable kutoka Microsoft wenyewe, ya x86 na ya x64 zote mbili hata kama Windows yako ni ya biti 64, unaziinstoli, unarestati. Tafadhali sana usikubali mtu akuambie utafute faili moja ya dll (kipande cha programu ambacho gemu inakitumia) kwenye mtandao uipachike ndani ya gemu. Hujui ilitoka wapi, na hata ikiwa safi mara nyingi ni ya toleo lisilolingana, unaponya erori moja unazaa ingine.

Kwa upande wa hiyo Exception code, 0xc0000005 inamaanisha programu imegusa kumbukumbu isiyo yake, na hiyo ni ya jumla sana, inaweza kuwa draiva, faili mbovu, modi, hata RAM. 0xc000007b mara nyingi ni kuchanganya dll za biti 32 na 64. 0xc0000135 ni dll haipo kabisa. 0xc000001d ni prosesa imeambiwa kitu haikijui, hiyo utaiona kwa gemu mpya mpya kwenye mashine za zamani zisizo na AVX au AVX2, yaani amri mpya za prosesa, i5 yako ya kizazi cha nne iko nazo zote mbili kwa hivyo usiogope.

Ukiwa hapo hapo fungua Windows Security uangalie Protection history, kama antivairasi imefungia faili ya gemu utaiona kwa orodha na utairudisha. Gemu mmenunua halali na imetoka Steam yenyewe, kuirudisha hapo hatari ni ndogo. Kwa gemu ya kunakiliwa mtaani nisingekupa huo ushauri.

Diski nayo tusiisahau. Stima kupotea mara mbili usiku mmoja ni pigo kwa diski ya kuzunguka yenye miaka. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika chkdsk C: /f, itakuambia ifanye ukiwasha tena, kubali, iache imalize hata ikichukua muda, usiizime katikati. Baada ya hapo sfc /scannow, hiyo inakagua faili za Windows zenyewe. Kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, inasoma afya ya diski, ikikuonyesha Caution ya manjano basi nakushauri pesa uliyotaka kumpa fundi kwa kadi uiweke kwa SSD ndogo, ile diski isiyozunguka, na kabla ya kitu kingine chochote nakili kazi zako za shule na za kijana. Hilo nalisema kwa uzito, maana diski ikianza hivyo haikungoji.

Modi. Sijui kijana ako na ngapi lakini vijana wa malori na mabasi nawajua, wanashirikiana modi kwa makundi ya WhatsApp na Telegram kila siku, mabasi ya huku kwetu, honi, barabara. Sina ubaya na hilo hata kidogo, nafurahi mtoto akitaka kuona basi la njia yake ndani ya gemu ya Ulaya. Shida ni kwamba modi imetengenezwa kwa toleo fulani la gemu, na ulipofuta ukadaunlodi upya umepata toleo jipya kabisa, kwa hivyo sasa unaweza kuwa na shida mbili kwa pamoja, ile ya stima na hii ya modi za zamani kwenye gemu mpya. Ndio maana nilisema urudishe mod mwisho, na sasa naongeza, usirudishe zote mara moja, rudisha nusu, ikikubali rudisha nusu ya zilizobaki, mpaka umpate mkorofi. Kama kijana anataka toleo la zamani kwa ajili ya modi zake, ndani ya Properties kuna sehemu ya Betas, gemu hii inakuruhusu kuchagua matoleo ya nyuma, ila hiyo itakula bando. Na umwambie hili mara moja kwa upole: modi ya ETS2 ni faili ya .scs au .zip inayowekwa kwa folda ya mod. Modi inayokuja ikiwa .exe na inataka uibonyeze mara mbili ndio ifanye kazi, hiyo aifute papo hapo.

Kuhusu bando, hili la kudaunlodi upya lisijirudie. Steam iko na Verify integrity of game files, iko kwa Properties sehemu ya Installed Files. Inasoma gemu iliyo kwa diski, inalinganisha na orodha, inaleta vipande vilivyoharibika peke yake. Kwa kawaida ni kidogo sana. Na tangu 2023 Steam inaweza kunakili gemu kutoka kompyuta moja hadi ingine kwa waifai ya nyumba moja bila kuidaunlodi tena kwa intaneti, kwa hivyo kama kuna jirani au rafiki wa kijana ako na gemu hiyo hiyo wanaweza kukaa meza moja. Mkitumia fleshi kubeba gemu, iwe imefomatiwa exFAT au NTFS. FAT32 haibebi faili moja inayozidi GB 4, na nimeona gemu nyingi "mbovu" ambazo ukweli wake ni faili moja kubwa ilirukwa wakati wa kunakili na hakuna aliyesoma ule ujumbe.

Hilo linanikumbusha wengine watakaosoma hapa na gemu yao si hii na wala haikutoka Steam. Gemu iliyonakiliwa folda tu kutoka diski ya mtu huwa inakosa vitu ambavyo programu ya kuinstoli ingeviweka kwa Windows, zile Visual C++ na DirectX za zamani. Ikilia d3dx9_43.dll au xinput1_3.dll, dawa ni DirectX End-User Runtimes ya Juni 2010 kutoka Microsoft, ndio, ya 2010, kuwa na DirectX 12 hakuondoi haja yake. Gemu ya Valorant kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot, vitu viwili vya usalama wa kompyuta, ziwe zimewashwa kwa BIOS, na kama betri ya BIOS iliisha zikajizima, gemu itakataa ingawa jana ilicheza. Na aliye bado na Windows 7 au 8 ajue Steam iliacha kuzihudumia tarehe 1 Januari 2024, hapo shida haiko kwa gemu. Windows 10 yenyewe Microsoft walimaliza kuihudumia kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, gemu bado zinacheza, ila kizazi cha nne hakimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, kwa hivyo usikubali mtu akubadilishie Windows kama dawa ya gemu moja.

Turudi kwa fundi wako. Simjui, na sitaki kumharibia jina, huenda aliona kweli kitu. Mwambie tu kwa heshima akuonyeshe. Kadi inapimwa kwa kuitoa na kuiweka kwa kompyuta ingine nzima, au kuweka kadi ingine nzima kwa yako, mbele yako, na kazi hiyo haichukui muda mrefu. Kadi iliyoungua haitatoa picha safi kwa mashine yoyote. Ikitoa picha safi pale na draiva ikakubali, mazungumzo ya kuuza yameisha. Na kabla hajaanza, kebo ya umeme ichomolewe ukutani, mvua za huko nazijua.

Ukipata senti za ziada mwezi ujao, nunua UPS ndogo, ile betri ya akiba ya kompyuta, hata ya 650VA. Si ya kucheza gizani, ni ya kukupa dakika chache mtoto ahifadhi na kuzima vizuri, na huko juu nimeshakueleza hizo dakika zinalinda nini.

Anza na ile folda ya Documents. Ikikataa, nitumie vitu vitatu: jina unaloliona kwa Display adapters, mistari kama kumi ya mwisho ya game.log.txt au useme kama haipo, na zile Faulting module name na Exception code. Kijana anaweza kunakili maandishi yenyewe akabandika, picha ya simu ya skrini huwa haisomeki vizuri.